UZI: Machi 2023, vigogo wa kikapu cha vyuo Marekani walivyochapwa mmoja mmoja

#1 mpenda_kikapu

Wakuu salaam. Kule kwenye uzi wa NBA kuna mdau kaandika kwamba kikapu cha vyuo Marekani ni mchezo wa watoto hauna lolote, nikaona nisibishane nae kule nilete uzi kabisa tuongee kwa nafasi. Mi naamini hakuna mashindano ya kikapu yanayofikia yale ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) ya mwezi wa tatu, na katika hayo hakuna mwaka ulionikaa kichwani kama 2023.

Kwa asiyejua yanavyoenda: timu 68, ukifungwa moja tu unafungasha unarudi chuoni, hakuna marudiano wala mambo ya mechi saba. Wanagawa kanda nne, kila kanda timu zinapewa namba 1 mpaka 16 kwa ubora, namba 1 anaanza na 16, namba 2 anaanza na 15, na kuendelea. Mashabiki wanajaza mkeka wa mechi 63 kabla hazijaanza, na mpaka leo hakuna mkeka wowote uliothibitishwa kwamba umetiki wote. Hesabu yenyewe inatisha, ukisema kila mechi ina majibu mawili unapata njia zaidi ya trilioni milioni tisa za kujaza.

Sasa 2023. Tarehe 16 Machi, siku ya kwanza ya raundi ya kwanza, Virginia namba 4 wanaongoza dhidi ya Furman namba 13, zimebaki sekunde chache mno, mpira anao Kihei Clark, mtu mzima kabisa aliyekuwepo kwenye kikosi cha ubingwa 2019. Anabanwa kona, anaogopa kukaa nao, anaurusha juu juu mbele, Garrett Hien wa Furman anaudaka, pasi kwa JP Pegues, tatu ya mbali, imeingia. 68-67. Virginia kwaheri.

Siku hiyo hiyo Princeton namba 15 wakamtoa Arizona namba 2, 59-55. Princeton ni chuo cha Ivy League, lile kundi la vyuo vya zamani vinavyosifika kwa masomo, hawatoi ufadhili wa michezo kabisa, unaingia kwa akili zako za darasani. Arizona walikuwa na Oumar Ballo yule jitu wa Mali, na bado dakika nne za mwisho hawakupata hata pointi moja. Princeton hawakuishia hapo, wakampiga na Missouri 78-63, wakafika 16 bora.

Na hiyo ilikuwa siku ya kwanza tu, ya FDU naileta.

#2 kijana_wa_tabata

Nimeweka kiti mkuu, lete ya FDU. Mi ile mechi niliona matokeo asubuhi nikajua wamekosea kuandika.

#3 mpenda_kikapu

Haya twende. Fairleigh Dickinson, kwa kifupi FDU, chuo cha New Jersey. Msimu wa kabla yake walishinda mechi 4 wakapoteza 22. Wakamfukuza kocha, wakamleta Tobin Anderson ambaye alikuwa anafundisha daraja la pili, chuo kinaitwa St. Thomas Aquinas, na alipokuja akabeba vijana wake watatu wa kule kule daraja la pili: Demetre Roberts, Grant Singleton na Sean Moore. Roberts ana futi 5 na inchi 8, Singleton futi 5 na inchi 9. Ile ndo ilikuwa timu fupi kuliko zote kwenye daraja la kwanza Marekani nzima.

Alafu hata fainali ya ligi yao walipoteza, walifungwa na Merrimack 67-66. Merrimack ndo walikuwa wamepanda daraja la kwanza karibuni na kanuni za wakati ule zilikuwa haziwaruhusu kucheza mashindano ya taifa, kwa hiyo nafasi ikaenda FDU. Wakaanzia kwenye mchujo kule Dayton, wakampiga Texas Southern 84-61, siku mbili baadae wako Columbus, Ohio wanakutana na Purdue namba 1. Purdue ana Zach Edey, futi 7 na inchi 4, mchezaji bora wa mwaka.

Wengi wanasimulia hii mechi kama muujiza. Hapana. Angalieni walichofanya. Waliweka mtu mbele ya Edey na mtu nyuma yake muda wote, wakawaambia Purdue haya pigeni za mbali, alafu wakawabana uwanja mzima kuanzia mpira unaporushwa ndani, mana wabeba mpira wa Purdue, Braden Smith na Fletcher Loyer, walikuwa vijana wa mwaka wa kwanza. Edey alipata pointi 21 na ribaundi 15, sawa, ila Purdue walipiga za mbali 26 zikaingia 5, na wakapoteza mpira mara 16. 63-58. Ukikaa ukaangalia mechi nzima unaona mpango unafanya kazi dakika baada ya dakika, Purdue wanachoka kichwa kabla ya miguu.

Ndo ilikuwa mara ya pili kwenye historia ya wanaume namba 16 kumtoa namba 1. Ya kwanza 2018, UMBC alimpiga Virginia 74-54, na kabla ya hapo namba 1 walikuwa wameshinda 135 bila kupoteza hata moja. Mechi 135!

#4 kocha_mstaafu

Mkuu uzi mzuri lakini naomba niweke maji kidogo. Nimefundisha mpira huu miaka mingi na najua kitu kimoja, mechi moja haikwambii nani ni bora. Hao FDU ukiwapa Purdue mara saba watafungwa sita. Dakika 40, siku moja mikono ya vijana imekufa, basi unatoka. Ndo mana mi naheshimu NBA zaidi, ukishinda mara nne kwa huyo huyo mtu hakuna wa kusema ulibahatisha. Huo mwezi wa tatu ni burudani, sikatai, ila kuuita kipimo cha ubora hapana.

#5 mpenda_kikapu

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu na kwenye mara saba nakubaliana na wewe, Purdue anashinda nyingi. Ila mi sijasema FDU ni bora kuliko Purdue, nasema siku ile walistahili, na kuna tofauti. Kujiandaa kwa mechi moja ni ujuzi wake wenyewe kocha, nyie makocha mnalijua hili kuliko sisi, unapewa siku moja kumsoma mtu ambaye hujawahi kucheza nae na kijana wako anatakiwa akumbuke kila kitu mbele ya watu elfu kumi na kitu.

Na kingine, kama ingekuwa bahati tupu ingetokea hapa na pale tu. 2023 haikuwa hapa na pale. Kansas, bingwa mtetezi, namba 1, alitolewa na Arkansas namba 8, 72-71. Alabama aliyekuwa wa kwanza kwenye mashindano yote akatolewa na San Diego State 71-64. Usiku huo huo Houston, namba 1 wa mwisho aliyebaki, akapigwa na Miami 89-75. Ikawa mara ya kwanza tangu waanze kupanga timu kwa namba mwaka 1979 robo fainali inafika na hakuna namba 1 hata mmoja. Nne bora ikawa UConn (chuo cha Connecticut) namba 4, Miami namba 5, San Diego State namba 5 na Florida Atlantic namba 9, na tatu kati ya hizo zilikuwa hazijawahi kufika hapo maisha yao yote.

Mi nadhani sababu kubwa ni umri na kukaa pamoja. Vyuo vikubwa vinachukua watoto wa miaka 18 wenye vipaji vikali wanaocheza mwaka mmoja wanaenda NBA. Vyuo vidogo vina watu wa miaka 22, 23, wamecheza pamoja miaka mitatu minne, na baada ya korona wachezaji walipewa mwaka mmoja wa nyongeza kwa hiyo wengine walikuwa watu wazima kabisa. San Diego State walikuwa na Adam Seiko, kijana mwenye asili ya Uganda, aliingia pale 2017! Ndo huyo huyo alikuja na timu ya taifa ya Uganda kwenye AfroBasket ya Kigali 2021, ile Uganda iliyomtoa Nigeria 80-68. Mtu wa namna hiyo humtishi kwa jina la Alabama.

#6 dada_posta

Jamani mbona mnaongea kama mwaka ule walicheza wanaume peke yao. Kwa wanawake 2023 Stanford namba 1 alitolewa na Ole Miss namba 8, 54-49, tena nyumbani kwake mana kwa wanawake timu za juu zinacheza raundi mbili za kwanza kwenye uwanja wao. Siku iliyofuata Indiana namba 1 nae akatolewa nyumbani kwake na Miami namba 9, 70-68.

Alafu nusu fainali. South Carolina ya kocha Dawn Staley haijafungwa msimu mzima, imeshinda 36 kwa 36, bingwa mtetezi, inakutana na Iowa. Caitlin Clark akapiga pointi 41, Iowa 77-73. Fainali LSU wakampiga Iowa 102-85. Hivi unaacha kutaja hayo unasema mwaka wa maajabu?

Na hiyo ya namba 16 kumtoa namba 1 mnaisema kama ilianza 2018, wanawake walifanya miaka 20 kabla. 1998, Harvard alimpiga Stanford 71-67, pale pale California nyumbani kwa Stanford, Allison Feaster akaweka pointi 35. Stanford walikuwa wamepoteza wachezaji wawili wa kutegemewa kwa majeraha ya goti, hilo ni kweli, lakini bado mtu alipaswa kuingia uwanjani akashinda, na Harvard waliingia wakashinda. Nikisikia mtu anasema UMBC ndo wa kwanza bila kuongeza neno wanaume inaniuma kweli.

#7 mpenda_kikapu

Dada umeongea, na ile Iowa na South Carolina mi naiweka juu ya mechi nyingi sana za wanaume. South Carolina walikuwa na ribaundi 49 kwa 25 na bado wakafungwa. Iowa waliwaacha wapige za mbali, wazo lile lile la FDU kwa Purdue, chagua unachokubali kufungwa nacho. Ongeza nondo dada usiondoke.

#8 jirani_nai

Wasee wa TZ uzi uko sawa kabisa, niongeze yangu kutoka huku Nairobi. Mi naona hizi story za underdogi zinakufa pole pole na chanzo ni pesa. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina lao na pia wanaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima. Sasa tazameni 2025: Final Four (nne bora) nzima ilikuwa namba 1 wanne, Florida, Duke, Houston na Auburn. Hiyo ilikuwa imetokea mara moja tu, 2008, na zote mbili zilichezwa San Antonio. Hata 16 bora ya 2025 haikuwa na timu ndogo, wote ni wa zile ligi kubwa.

Na sisi watu wa huku tulikuwa na mtu wetu hapo, Khaman Maluach wa Duke, amezaliwa Sudani Kusini akalelewa Kawempe pale Kampala, mpira ameujulia Uganda. Duke walikuwa juu kwa 14 kipindi cha pili dhidi ya Houston wakafungwa 70-67. Hiyo iliniuma, lakini hata hiyo ni namba 1 kumpiga namba 1, si story ya mdogo kumwangusha mkubwa. Mdogo siku hizi akionyesha kitu kidogo tu anachukuliwa.

#9 mpenda_kikapu

Jirani hapo umegusa penyewe, na mi ndo mana nasema 2023 tuishike vizuri mana sijui kama tutaiona tena. Fuatilieni mashujaa wa mwaka ule walienda wapi. JP Pegues aliyemuua Virginia, 2024 akahamia Auburn, na hiyo Auburn ndo ilifika Final Four ya 2025 uliyoitaja. Ansley Almonor wa FDU, mmoja wa waliompiga Purdue, akaenda Kentucky. Lamont Butler wa San Diego State, nae Kentucky, mwaka huo huo. Vladislav Goldin, yule Mrusi wa Florida Atlantic, akamfuata kocha wake Dusty May kwenda Michigan. Na Tobin Anderson mwenyewe aliondoka FDU mwezi huo huo wa tatu kwenda Iona.

Siwalaumu wachezaji hata kidogo. Miaka na miaka vyuo vilikuwa vinakusanya mamilioni ya televisheni na kijana anayetoka jasho hapati kitu, sasa anapata, ni haki yake. Kinachonisikitisha ni kwamba ile timu ya watu waliokaa miaka minne wanajuana mpaka mwenzio akikunja bega unajua anaenda wapi, hiyo ndo silaha pekee mdogo aliyokuwa nayo, na sasa inavunjwa kila mwezi wa nne. Ukifanya maajabu Machi, Aprili timu haipo.

2024 bado tuliona kidogo: Oakland namba 14 akamtoa Kentucky 80-76, Jack Gohlke akapiga tatu kumi peke yake. NC State namba 11 wakafika Final Four baada ya kushinda mechi tano kwa siku tano kwenye ligi yao, la sivyo hata mwaliko wasingepata. Kwa hiyo haijafa, ila inapumua kwa shida.

#10 mtoto_wa_makongo

Mnataja Mrusi, Mmali, Mganda, wa kwetu mmemuacha? Hasheem Thabeet! Na yeye yuko kwenye historia ya haya maajabu, bahati mbaya kwa upande wa kuchapwa. 2008 UConn walikuwa namba 4, Hasheem mwaka wake wa pili, wakaenda Tampa kucheza na San Diego namba 13 (hii sio San Diego State, ni chuo kingine cha mji huo huo). Kipindi cha kwanza A.J. Price akaumia goti, aliyekuwa anaiendesha timu nzima. Mechi ikaenda dakika za nyongeza, imebaki sekunde moja na kidogo De'Jon Jackson akapiga, 70-69. Hasheem nje.

Na Tampa siku ile ilikuwa na jini, mechi nne zilichezwa pale na zote nne mdogo alishinda. Western Kentucky namba 12 alimpiga Drake 101-99 kwa tatu ya Ty Rogers wakati muda unaisha, Siena namba 13 akamchapa Vanderbilt 83-62, Villanova namba 12 akamtoa Clemson 75-69, na hiyo ya UConn. Uwanja mmoja siku moja.

Mwaka uliofuata Hasheem akarudi na hasira, mlinzi bora wa ligi yao ya Big East kwa mara ya pili mfululizo, UConn namba 1 wakafika Final Four Detroit wakatolewa na Michigan State 82-73. Baadae akachukuliwa wa pili NBA 2009, Mtanzania wa kwanza. Watu wengi hapa wanakumbuka NBA haikumwendea vizuri wanasahau huyu jamaa chuoni alikuwa ukuta.

#11 kijana_wa_tabata

Daah hiyo ya Tampa sikuijua kabisa. Mkuu mleta uzi malizia fainali ya 2023 basi.

#12 mpenda_kikapu

Asante sana mtoto wa Makongo, hiyo ndo niliitaka, na inaunganika vizuri mana aliyebeba 2023 ni UConn hao hao.

Nusu fainali kwanza. San Diego State na Florida Atlantic (FAU), mjini Houston, ndani ya uwanja wa NRG. FAU wameongoza mpaka kwa 14 kipindi cha pili. San Diego State wakaanza kurudi kidogo kidogo, wanakaba tu, hawana haraka, mpaka ikawa pointi moja. Mpira wa mwisho kocha Brian Dutcher hakuomba taimu auti, Lamont Butler akaubeba, akaingia pembeni njia ikazibwa, akarudi nyuma hatua, akaruka, kengele inalia mpira uko hewani. 72-71. Kama hujawahi kuuona huo mpira acha kusoma nenda kauangalie.

Fainali UConn ilikuwa nyingine kabisa, mwaka ule wote hakuna aliyewasogelea kwenye mashindano, mechi sita zote walishinda kwa tofauti ya 13 au zaidi. 76-59. San Diego State kipindi cha kwanza walikaa zaidi ya dakika kumi bila kufunga hata kikapu kimoja cha kawaida (ukiacha mipira ya adhabu), wakajitutumua wakasogea mpaka tofauti ya 5, basi. Na mchezaji bora wa Final Four ni Adama Sanogo, kijana wa Bamako, Mali, pointi 17 na ribaundi 10 kwenye fainali, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani, Sanogo alikuwa amefunga siku zile zote. Fainali ilianza saa kumi na kitu alfajiri kwa saa zetu, muda wa daku, kwa hiyo huku Dar waliokuwa wamefunga waliweza kula daku wanamwangalia mfungaji mwenzao anachukua ubingwa wa Marekani. Nikiikumbuka hiyo mpaka leo nafurahi.

#13 kocha_mstaafu

Kijana nimekusoma yote. Kwenye ubora bado nabaki na msimamo wangu, ila hilo la timu kukaa pamoja miaka minne nakuunga mkono asilimia mia, hata huku kwetu timu ikikaa misimu mitatu bila kuvunjwa unaona inavyobadilika. Swali langu, kijana wangu ninayemfundisha ni pointi gadi mfupi, nikitaka aangalie mechi moja tu ya mwaka huo nimpe ipi? Ya Butler?

#14 mpenda_kikapu

Mpe FDU na Purdue mzee, na umpe mechi nzima usimpe vipande vya dakika tatu. Mwambie asimwangalie Edey, amwangalie Roberts na Singleton wasipokuwa na mpira: wanasimama wapi mpira wa Purdue unaporushwa ndani, wanamgeuza mbeba mpira upande gani, wanaacha saa ngapi kubana na kukimbilia nyuma. Kipindi cha pili awe anahesabu sekunde Purdue wanazotumia kuvuka nusu ya uwanja, ataona zinavyoongezeka. Na ikibaki kama dakika moja amwangalie Sean Moore, mtoto wa Columbus anayecheza mjini kwao, FDU wako mbele kwa pointi mbili, anapiga tatu bila kusitasita inakuwa 61-56. Alimaliza na pointi 19, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa anacheza daraja la pili.